Mahudhurio ya uzazi wa mpango yanashuka, utafiti wa kitaifa unasema matumizi hayajashuka: tushike takwimu ipi?

Mratibu wa Katavi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto katika halmashauri mojawapo ya mkoa wa Katavi, na wakati huu tunaandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wa mwaka ujao wa fedha. Kuna jambo limetukwamisha kwenye kikao, na ninaomba msaada wa wale wanaoshughulika na takwimu kila siku.

Rejesta zetu za uzazi wa mpango, ambazo takwimu zake huingizwa kila mwezi kwenye MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), zinaonyesha kwamba mahudhurio yamekuwa yakipungua mwaka hadi mwaka. Baadhi ya wajumbe wamekwisha kuamua kwamba wanawake wanaacha njia kwa sababu ya uvumi, na wanataka fedha nyingi ziende kwenye mikutano ya uhamasishaji. Hata hivyo, nilipofungua Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, nilikuta kwamba kitaifa wanawake walio katika ndoa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 31, na katika utafiti wa 2015-16 walikuwa asilimia 32. Hapo sioni watu wakikimbia huduma. Ninaona hali iliyosimama palepale.

Naomba kujua mambo matatu. Kwanza, tuamini rejesta au utafiti? Pili, utafiti wa 2015-16 ulisema kwamba katika mkoa wetu asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Je, ninaweza kuichukua takwimu hiyo kama ya halmashauri yetu? Tatu, vifo vitokanavyo na uzazi vimetajwa kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na mganga mkuu wa wilaya anataka sentensi hiyo iwe ya kwanza kwenye utangulizi wa mpango. Je, ni salama kuiandika hivyo?

Mtakwimu wa Dodoma

Ndugu Mratibu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla mpango haujapitishwa, kwa kuwa mara nyingi maswali ya namna hii huja fedha zikiwa zimekwisha kutumika.

Nianze na rejesta. Rejesta huhesabu matukio yaliyofika kwenye kituo, yaani mtu aliyevuka mlango, akapewa huduma, akaandikwa. Utafiti wa kaya huhesabu watu, wakiwemo wale ambao hawajawahi kuvuka mlango huo. Mwaka 2022 nchi iligawanywa katika maeneo ya kuhesabia watu yaliyotokana na sensa, yakachaguliwa maeneo 629 kwa bahati nasibu, na katika kila eneo zikachaguliwa kaya 26. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 anayeishi kwenye kaya iliyochaguliwa alihojiwa hata kama anaishi mbali na zahanati, na hata kama hajawahi kusikia kwamba huduma hiyo ipo. Zahanati inamjua yule tu aliyekuja.

Sasa tazama jinsi mahudhurio yanavyoweza kushuka bila mtu yeyote kuacha njia. Mwanamke anayetumia sindano hurudi kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo wanawake mia moja wa sindano huacha alama karibu 400 kwenye vitabu vyenu kwa mwaka. Wanawake haohao wakihamia kwenye vijiti, yaani vipandikizi vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, vya miaka mitatu au mitano, mwaka wa kwanza wataacha alama mia moja, na mwaka unaofuata huenda wasionekane kabisa isipokuwa mwenye maudhi au anayetaka kuvitoa. Na ndivyo ilivyotokea nchini. Mwaka 2015-16 sindano ndiyo iliyoongoza, ikitumiwa na asilimia 13 ya wanawake walio katika ndoa, na vipandikizi vilikuwa asilimia 7. Utafiti wa 2022 umekuta nafasi zimebadilishana, vipandikizi vikiwa mbele. Kabla hamjalaumu uvumi, tafadhali zitenganisheni takwimu zenu kwa kila njia. Ikiwa sindano zimeshuka na vijiti vimepanda, basi mnachokiona ni watu kubadili njia.

Kipo kipimo kinachosaidia hapa, nacho ni miaka ya kinga kwa wenza, yaani miaka ambayo njia iliyotolewa inakadiriwa kuwakinga wenza dhidi ya mimba. Sindano nne huhesabiwa kuwa mwaka mmoja wa kinga, mizunguko 15 ya vidonge vivyo hivyo, kipandikizi cha miaka mitatu huhesabiwa miaka 2.5 na kile cha vijiti viwili cha miaka mitano huhesabiwa 3.8, kwa sababu wako wanaokitoa kabla ya muda. Geuzeni takwimu za rejesta kwa kipimo hicho, mwaka kwa mwaka, ndipo mzipeleke kwenye kikao.

Kuhusu asilimia 45 ya Katavi, naomba uwe na tahadhari kubwa. Mwaka 2015-16 walihojiwa wanawake 13,266 katika mikoa 30, yaani wastani wa wanawake 440 hivi kwa mkoa. Wenye umri wa miaka 15 hadi 19 ni kama mmoja kati ya watano, kwa hiyo asilimia ya mkoa mmoja hutegemea majibu ya wasichana wapatao 90. Kwa idadi hiyo, asilimia 45 inaweza kuwa 35 au 55 kwa bahati ya uchaguzi wa sampuli tu, na upana huo unaongezeka zaidi kwa kuwa kaya zilichaguliwa kwa makundi katika maeneo machache. Inatosha kusema kwamba tatizo katika mkoa wenu ni kubwa kuliko sehemu nyingi za nchi, maana kitaifa ilikuwa asilimia 27, lakini haitoshi kulinganisha halmashauri moja na nyingine. Sampuli haikuchaguliwa ili kuzungumzia halmashauri, na huenda ndani ya halmashauri yako yaliangukia maeneo machache sana.

Mkunga na Mkufunzi

Naomba nijibu swali la tatu, kwa sababu limenigusa. Nimekaa kwenye wodi ya wazazi kwa muda mrefu, na hakuna habari ambayo ningependa iwe kweli kuliko hii ya 104.

Utafiti wa kaya hauwezi kumhoji marehemu, kwa hiyo huwauliza ndugu zake. Mwanamke anayehojiwa hutaja watoto wote waliozaliwa na mama yake, mmoja baada ya mwingine: yu hai au amefariki, alifariki lini, alikuwa na umri gani. Kama ni dada aliyefariki akiwa mtu mzima, huulizwa ikiwa alikuwa mjamzito, alikuwa akijifungua, au alikuwa ametoka kujifungua. Ni njia nzuri mahali ambapo vifo vingi haviandikishwi. Hata hivyo, vifo vya namna hiyo vinavyopatikana katika sampuli nzima ni vichache, na kinachopimwa ni miaka kadhaa iliyotangulia utafiti, wala si mwaka wa utafiti wenyewe.

Utaona athari yake ukirudi nyuma kidogo. Mwaka 2010 ripoti ilitoa 454, na wigo wa makadirio, yaani mipaka ambamo takwimu halisi inatarajiwa kuwemo, ulikuwa kati ya 353 na 556. Mwaka 2015-16 ilitoa 556, wigo ukiwa kati ya 446 na 666. Watu wengi walitangaza kwamba vifo vimeongezeka, ilhali wigo hizo mbili zinapandana kwa sehemu kubwa, na takwimu zenyewe hazikuwa na uwezo wa kusema vimeongezeka wala vimepungua. Sasa tuna 104. Ni kweli kwamba imeshuka mno kiasi kwamba si rahisi kuieleza kwa bahati ya sampuli peke yake, na wanawake wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81 katika kipindi hichohicho, kazi ambayo sote tunaijua ilivyofanyika. Lakini makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2023 yaliiweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020, zaidi ya mara mbili.

Tena kuna jambo jingine ndani ya ripoti hiyohiyo ambalo kila mratibu angepaswa kulisoma mara mbili. Vifo vya watoto wachanga wa siku zisizozidi 28 vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015-16, na mwaka 2022 vilikuwa 24. Mama na mtoto mchanga hutegemea saa zilezile, mikono ileile, damu na hewa ya oksijeni ileile. Mama wengi zaidi wamefika kituoni, lakini mtoto hajaona tofauti. Ningekuwa ninaandika utangulizi wa mpango wako, ningeanza na sentensi hiyo, kwa kuwa inauliza tufanye nini mama akishafika, nayo ndiyo inayoweza kumpatia mtoto kifaa cha kumsaidia kupumua na muuguzi aliyefundishwa kukitumia. Hiyo 104 iandikwe, pamoja na wigo wake kama ulivyo kwenye ripoti na pamoja na idadi halisi ya vifo mlivyovijadili kwenye vikao vyenu vya mapitio ya vifo vya wajawazito. Hivyo vya kwenu mnavijua kwa tarehe na kwa sababu.

Aliyekuwa Mdadisi

Niongeze kidogo kutoka upande wa wanaobeba madodoso, kwa maana wengi husoma jedwali bila kujua lilivyopatikana.

Mwanamke huhojiwa na mwanamke, mwanamume huhojiwa na mwanamume, na mahojiano hufanyika mahali ambapo hakuna anayesikia. Ni rahisi kuandika sharti hilo, lakini kulitimiza kwenye nyumba ya vyumba viwili ni kazi: mama mkwe yuko ukumbini, watoto wanaingia na kutoka, na jirani amekuja kuona mgeni ni nani. Mara nyingi mkeka husogezwa hadi nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, na mtu akikaribia mdadisi anarukia maswali ya chandarua na maji ya kunywa hadi apite. Maswali ya ukatili wa kijinsia huulizwa kwa mwanamke mmoja tu katika kaya, tena faragha isipopatikana hayaulizwi kabisa.

Faragha hiyo ndiyo inayoleta majibu ambayo rejesta hazina. Wako wanawake wanaotumia sindano bila waume zao kujua, nao hawachomi kwenye zahanati ya kijijini kwao ambako mhudumu ni shemeji; wanapanda basi siku ya mnada na kuchoma wilaya jirani. Wako wanaonunua vidonge au kondomu kwenye duka la dawa muhimu. Wote hao hawapo kwenye vitabu vya halmashauri yako, lakini kwenye utafiti wamo.

Halafu kuna kalenda, ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Ni safu ya visanduku, kimoja kwa kila mwezi, kuanzia mwezi wa mahojiano na kurudi nyuma takribani miaka mitano. Mnaanza na watoto waliozaliwa, kwa sababu tarehe hizo mama anazikumbuka, kisha mnajaza miezi ya ujauzito nyuma ya kila mtoto, kisha katika nafasi zilizobaki mnaulizana: hapa katikati ulikuwa unatumia chochote? Uliacha lini? Kwa nini? Mama anakumbuka kwa mavuno, kwa mfungo wa Ramadhani, kwa msiba wa mzee fulani. Ukimaliza, una historia ya uamuzi wake mwezi kwa mwezi, pamoja na sababu za kuacha kila njia: alitaka mtoto, alitokwa na damu isiyo ya kawaida, alikosa dawa kituoni, mume alikataa. Mratibu, wajumbe wako wakisisitiza kwamba tatizo ni uvumi, wafungulie jedwali la sababu za kuacha njia kwenye ripoti. Mama aliyeacha kwa maudhi ya dawa anahitaji ushauri wa mhudumu anayemsikiliza na njia nyingine ya kuhamia, na mkutano wa hadhara hautampa hata kimoja.

Msomi wa Kisumu

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nimefuatilia mjadala huu na ningependa kuongeza mfano wa Kenya, kwa kuwa swali la takwimu za ngazi ya chini tumelipitia.

Utafiti wa aina hii uliwahi kutuamsha sisi. Mwaka 1989 wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 6.7, mwaka 1998 ukawa 4.7, na kila mtu aliamini kwamba safari ya kushuka ilikuwa imeshika njia. Matokeo ya mwaka 2003 yakaja na 4.9, huku matumizi ya njia za uzazi wa mpango yakiwa yamesimama kwenye asilimia 39 kama yalivyokuwa 1998. Miaka hiyo fikira na fedha za wafadhili zilikuwa zimeelekezwa kwenye UKIMWI, na uzazi wa mpango ulikuwa umesahaulika. Utafiti ndio uliolileta jambo hilo mezani, na miaka michache baadaye serikali ilianza kutenga fedha zake yenyewe kwa ajili ya kununua dawa na vifaa vya uzazi wa mpango. Kufikia 2014 wastani ulikuwa 3.9, na mwaka 2022 ukawa 3.4.

Baada ya ugatuzi, yaani madaraka kuhamishiwa ngazi ya kaunti, kaunti 47 zilihitaji takwimu zao. Ikabidi sampuli ipanuliwe: mwaka 2008-09 walihojiwa wanawake 8,444, na mwaka 2014 walihojiwa 31,079. Faida yake inaonekana. Mwaka 2022 wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kupata mimba walikuwa asilimia 15 kitaifa, lakini Samburu walikuwa asilimia 50, na Nyeri na Nyandarua asilimia 5. Huwezi kuandaa mpango mmoja kwa ajili ya maeneo hayo matatu. Hata hivyo, hilo halikuja bure, kwani kila kaunti iliyoongezwa ilimaanisha magari, wadadisi na miezi zaidi. Sidhani kama kuna nchi ya ukanda wetu inayoweza kufanya hivyo hadi ngazi ya wilaya ndogo kwa kila awamu.

Na kuna jambo ambalo linanitia wasiwasi mkubwa. Mpango wa kimataifa uliokuwa ukisaidia tafiti hizi tangu 1984 ulitegemea fedha za shirika la maendeleo la Marekani, na mwezi Februari 2025 fedha hizo zilisitishwa. Tulizoea kwamba kila baada ya miaka mitano hivi kutakuwa na ripoti mpya yenye maswali yaleyale, yanayolinganishika na ya miaka thelathini nyuma na ya nchi jirani. Mazoea hayo hayana uhakika tena, na bunge zetu hazina budi kuamua kama ofisi zetu za takwimu zitapewa fedha za kuendeleza kazi hiyo. Wataalamu wa kuifanya wapo, tena wa kutosha.

Mratibu wa Katavi

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimezitenganisha takwimu za rejesta kwa kila njia kama alivyoelekeza Ndugu Mtakwimu, na ni kweli: sindano zimeshuka, vijiti vimepanda, na ukigeuza kuwa miaka ya kinga hatujarudi nyuma. Jambo lililonishtua ni kwamba wanaokuja kutoa vijiti wameandikwa wachache mno ukilinganisha na waliowekewa miaka mitatu iliyopita na zaidi. Ama wanatolewa kwingine, ama muda umepita na bado wamekaa navyo kwa sababu zahanati zao hazina mtu aliyefundishwa kuvitoa. Rejesta haiwezi kuniambia, na utafiti wa kitaifa haufiki kwenye vijiji vyangu. Je, tukitumia wahudumu wa afya ngazi ya jamii kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza, tutakuwa tumekosea?

Mtakwimu wa Dodoma

Swali lako sasa ni dogo na liko wazi, na maswali ya namna hiyo hayahitaji utafiti mkubwa. Ninakusihi, hata hivyo, msiwapitishe wahudumu nyumba zote. Wanaishi hapohapo kijijini, wanajuana na waume na wakwe, na yote aliyoyaeleza Ndugu Mdadisi kuhusu faragha yatavunjika siku ya kwanza. Mwanamke aliyeficha atakana, nanyi mtaandika kwamba hatumii.

Ipo mbinu ya sampuli ndogo ambayo asili yake ni ukaguzi wa ubora wa bidhaa viwandani, na imetumika sana katika afya. Gaweni halmashauri katika maeneo matano ya usimamizi, kwa mfano kwa kufuata kata zinazohudumiwa na kila kituo cha afya. Katika kila eneo chagueni kwa bahati nasibu wanawake 19 wa umri wa uzazi, kwa kuanzia na orodha ya vitongoji na idadi ya watu wake. Kumi na tisa hawatakupa asilimia ya eneo hilo, bali watakuambia kama eneo limefikia kiwango mlichojiwekea au liko chini yake, na hilo ndilo mnalohitaji ili kuamua muuguzi yupi apelekwe mafunzo na wapi. Mkiwajumlisha wote 95, mtapata makadirio ya halmashauri nzima yenye wigo wa asilimia kumi hivi kila upande, iwapo mtazingatia uzito wa idadi ya watu wa kila eneo.

Wadadisi wawe wanawake kutoka nje ya kata husika, maswali yachukuliwe neno kwa neno kutoka kwenye dodoso la kitaifa ili majibu yalinganishike, na yaongezwe mawili tu ya kwenu: kijiti kiliwekwa mwezi na mwaka gani, na je, uliwahi kwenda kukitoa ukarudishwa? Kabla ya kuanza, mganga mkuu wa wilaya awasiliane na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu ili kujua kibali kinachohitajika, maana mnagusa siri za watu. Mwanamke atakayejibu kwamba alirudishwa apewe papo hapo siku na jina la kituo atakachohudumiwa, nanyi mhakikishe kwamba siku hiyo mtoa huduma aliyefundishwa yupo.